Tovuti Yangu Bado Inasema Heri ya Krismasi 2022

Wasomaji wapenzi, mwezi huu nina barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika ameeleza kila kitu bila kuficha, na kwa sababu najua yuko mlango mmoja na wengi wenu.

*

Dada, salaam kutoka Busia, upande wa Uganda.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, na nguo za sherehe. Nina vyerehani vitatu na wasichana wawili wa kunisaidia. Mwaka 2022 mtoto wa dada yangu alinitengenezea tovuti. Akaweka picha, ramani, ukurasa wa bei, na ukurasa mwingine akauita "Habari Zetu". Akaniambia, "Mama mdogo, kila wiki andika kitu kipya, la sivyo tovuti itakufa." Baadaye akapata kazi Kampala, tovuti ikabaki mikononi mwangu.

Niliandika mara nne. Ya mwisho ni "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya", ya Desemba 2022, na mpaka leo ndiyo inayompokea mtu akifungua. Mimi nafungua duka saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku, na shule zikikaribia kufunguliwa hata kulala ni kwa zamu. Wiki iliyopita mteja wa Bungoma alinipigia: "Mama, bado mpo kweli? Maana tovuti yenu imelala." Niliona aibu hadi nikakosa la kumjibu. Niambie, niifunge tu yaishe? Au kuna njia kwa mtu ambaye muda hana?

Fundi wa sare, Busia

*

Pole na kazi, dada yangu. Usiifunge. Kabla hujasoma zaidi, shika simu, ingia kwenye tovuti yako na ule ukurasa wa "Habari Zetu" urudishe kuwa rasimu. Usiufute, uufiche tu. Dakika tano hazitaisha.

Tarehe ndiyo iliyokusema. Zile habari nne zisingekuwepo, mteja wako angeona sare, bei na namba ya simu, wala asingejua kama uliviandika jana au zamani. Mtoto wa dada yako alikuwa na nia njema, lakini alikukabidhi shamba la mtu mwenye vibarua ishirini. Ukurasa wa habari unamfaa mwenye habari na mwenye mkono wa kuziandika. Halafu yarudie maneno ya mteja wako uyasikilize vizuri. Hakuuliza kwa nini huandiki. Aliuliza kama mpo.

Mimi tofauti hiyo niliijua kwa uchungu. Kabla sijaanza kazi hii, mimi na kaka yangu tuliendesha nyumba ya wageni Jinja, vyumba saba, mwendo mfupi kutoka ziwani. Tovuti ilikuwa yangu, na nilikuwa na bidii nayo. Kila Ijumaa niliandika: watu wanaoshuka maji makali ya Nile kwa mitumbwi ya mpira, samaki wa Masese, namna bwawa la Bujagali lilivyoyafunika maporomoko tuliyoyajua tangu utotoni. Watu walisoma, wakanisifu.

Basi usiku mmoja, yapata saa nne, ikaingia familia kutoka Eldoret. Baba, mama, bibi na watoto wawili, mdogo amelala begani kwa baba yake, kiatu kimoja kimemvuka. Walikuwa wametoka asubuhi, wakakwama Malaba saa nyingi. Yule baba akanionyesha simu yake: "Chumba cha familia, vitanda vinne, 90,000." Kilikuwa kimeandikwa na mimi, kwa herufi nzuri, na picha yake juu. Chumba hicho tulikuwa tumekigawa viwili mwaka mmoja kabla. Tangu siku ya kukigawa nilikuwa nimeandika makala zaidi ya arobaini, na mstari ule mmoja sikuugusa.

Niliwapa vyumba viwili kwa bei ya kile kimoja. Baba hakugomba hata kidogo. Asubuhi, tunakunywa chai, bibi yao akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi tuliamini kilichoandikwa." Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Tangu siku hiyo kila mtu anayeniuliza kuhusu tovuti namwambia: anza na kilicho kweli leo. Kilicho kipya kitangoja.

Sasa tuje kwako. Uliniandikia anwani ya tovuti yako, nami nimeitembelea mara mbili, mara moja kwa kompyuta na mara moja kwa simu yenye bando dogo, kama mteja wako wa kawaida. Nguo zako ni nzuri sana, hasa ile gomesi ya kijani. Lakini sweta ya shule ya msingi nimeikuta ni 35,000 kwenye ukurasa wa mbele, 30,000 kwenye ukurasa wa bei, na 28,000 kwenye lile tangazo la rangi. Mzazi atashika ipi? Atashika ya 28,000, na atakuja nayo mkononi.

Hapo ndipo kazi ilipo. Chukua daftari, fanya kama mwenye duka la rejareja anavyofanya na bidhaa zake. Nyanya anazikagua kila asubuhi, chumvi anaiacha rafuni. Kila kilichoandikwa kwenye tovuti ni nyanya au ni chumvi. Bei ni nyanya. Saa za kufungua, namba ya simu, majina ya wafanyakazi, punguzo la sikukuu, maneno kama "mwaka huu" na "hivi karibuni", zote ni nyanya. Mnashona nini, duka liko wapi, mteja ajipime vipi, mlianza lini: hiyo ni chumvi. Asiye na muda apunguze nyanya.

Nakuonyesha nilichokiona kwako. Umeandika, "Tuna uzoefu wa miaka 13." Mwaka 2022 ilikuwa kweli, sasa si kweli. Andika "Tunashona tangu 2009", nawe hutaugusa mstari huo tena maisha yako yote. Umeandika, "Hivi karibuni tumeleta mashine mpya ya kudarizi." Andika "Nembo za shule tunazidarizi hapa hapa dukani." Mzazi anachotaka kujua ni kama nembo utaitia wewe au atazunguka kutafuta mtu mwingine. Umri wa mashine haumhusu.

Bei zibaki mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa bei. Kwingine kote weka kiungo: "Tazama bei." Siku ya kupandisha utabadilisha ukurasa mmoja, na hutasahau kona. Chini ya bei andika mwezi na mwaka ulioziangalia mara ya mwisho, kwa sababu hapo tarehe inakusaidia: mteja anaona kuna mtu macho. Lile tangazo la rangi liondoe. Bei iliyochorwa ndani ya picha huwezi kuisahihisha bila kumtafuta aliyelichora. Na zile bei za shilingi za Kenya uzifute zote. Pale mpakani unajua mwenyewe, kiwango cha asubuhi si cha jioni. Andika bei ya Uganda, kisha sentensi moja: tunapokea shilingi za Kenya kwa kiwango cha siku.

Kuhusu saa, kuna mtego unaotupata sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Kwenye tovuti umeandika "saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku", sawa kabisa kwa msomaji wako. Lakini kwenye ramani ya Google duka lako linasomeka linafunguliwa saa 1:00 na kufungwa saa 2:00, yaani kwa mashine unafungua usiku wa manane kwa saa moja tu. Pengine ndiyo maana mtu anatafuta "fundi wa sare Busia" mchana, anaambiwa umefunga. Ingia kwenye maelezo ya biashara yako ya Google, ni bure, uandike 7:00 na 20:00. Mlemle unaweza kuweka saa za sikukuu mapema, kama Eid au tarehe 9 Oktoba, nazo zikipita saa za kawaida zinarudi zenyewe.

Nimemaliza nyanya. Sasa utauliza: na kipya nitakitoa wapi?

Kipya unakiandika kila siku, ila unakiandika WhatsApp. Fungua mazungumzo ya msimu uliopita wa kufungua shule uyapitie. Nina hakika utakuta akina mama kumi wanauliza jambo lilelile: nimpimeje mtoto nikiwa mbali? Na wewe umewajibu wote kumi, mmoja mmoja, usiku, macho yamechoka. Kanuni yangu ni kwamba swali likiulizwa mara tatu, jibu lake linaenda kwenye tovuti, kisha wa nne anatumiwa kiungo. Kwa hiyo kuandika tovuti kunakupunguzia kazi ya WhatsApp, hakukuongezei.

Jibu lako liandike kama unavyolisema dukani. Mtoto avae shati jepesi. Pitisha tepu chini ya makwapa, izunguke kifua, vidole vyako viwili viingie kati ya tepu na mwili. Bega, pima kutoka mfupa hadi mfupa kwa nyuma. Sketi, kutoka kiunoni mpaka pale shule inapotaka iishie, maana nyingine zinataka chini ya goti. Kama nyumbani hakuna tepu, chukua uzi, pima kwa uzi, kisha uulaze kwenye rula ya mtoto ya shule, hesabu ni ngapi. Sema pia unaongeza inchi ngapi za kukulia, maana kila mzazi anaogopa sare itakayobana kabla ya muhula wa tatu. Jibu hilo ni chumvi. Mwaka 2035 kifua cha mtoto kitakuwa bado kinapimwa hivyohivyo.

La gomesi nalo lipo. Wateja wa upande wa Kenya wanaooa Buganda au Busoga hawalijui vazi hili, wanauliza kitambaa mita ngapi. Unawajibu kama mita sita, kisha unaanza kueleza mabega yaliyochongoka, vifungo viwili vya upande wa kushoto, mshipi unaofungwa chini ya kiuno, na kikoi cha ndani kinachozuia kitambaa kisishike mwilini. Maelezo hayo umeyarudia mara ngapi? Yaandike mara moja.

Kama kuchapa kunakuchosha, sema. Kibodi ya Google kwenye simu inasikiliza Kiswahili tangu 2017. Bonyeza alama ya maikrofoni, ongea huku unakata kitambaa, kisha msichana wako asahihishe pale iliposikia vibaya. Mmoja wao, yule anayependa simu, mpe kazi hii rasmi, na umlipe kitu juu yake. Wewe unasema, yeye anaandika, na kabla ya kuchapisha anakusomea kwa sauti.

Busia ina misimu miwili ya sare, na hilo ndilo tangazo pekee ambalo ningekushauri uliweke. Shule za Kenya hufungua mwaka Januari, zetu hufungua Februari. Tovuti yako imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nimeona, nayo inakuruhusu kuandika leo kitu kitakachotokea siku uitakayo: pale pa kuchapisha unachagua tarehe. Jioni moja ya Novemba, mvua inanyesha na wateja wachache, andika matangazo mawili. La kwanza litokee mwanzoni mwa Desemba kwa wazazi wa Kenya, la pili katikati ya Januari kwa wazazi wa Uganda, kila moja likisema siku ya mwisho ya kupokea oda. Ila uwe macho: WordPress peke yake italitoa tangazo lakini haitaliondoa. Weka alamu kwenye simu siku hiyohiyo unapoliandika, "toa tangazo la sare", tarehe kabisa. Bila alamu utarudi palepale kwenye Krismasi ya 2022.

Picha. Nilisema nguo zako ni nzuri, picha zinazidhulumu. Nyingi zimepigwa usiku chini ya taa, nyeupe inaonekana njano. Tundika nguo mlangoni saa tatu asubuhi, mwanga uingie kwa pembeni, nyuma weka shuka jeupe lililopigwa pasi. Picha tatu kwa mwezi zinatosha, mahali palepale kila mara, na duka zima litaonekana lina mpangilio. Usiipandishe kama ilivyotoka kwenye simu, inaweza kuwa na MB 4, na mzazi mwenye bando la siku atakukimbia kabla haijafunguka. Itume kwanza kwa WhatsApp kwa msichana wako, kisha itumie ile aliyoipokea; WhatsApp huipunguza yenyewe mpaka ikawa KB mia na kitu, na kwenye simu huoni tofauti.

Watoto wa watu usiwaweke. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha, na uso wa mtoto wa mteja huwezi kuutumia kutangazia biashara bila ruhusa ya mzazi. Sare inaning'inia vizuri tu kwenye hanga. Bibi harusi naye muulize kabla, na jibu lake liwe la maandishi, hata la WhatsApp.

Jambo moja lisilopendeza lakini usiliache: WordPress na vile vijiprogramu vyake huhitaji kusasishwa. Ingia upande wa vijiprogramu hivyo, palipoandikwa "Plugins", washa usasishaji wa kujiendesha, umekuwepo tangu Agosti 2020. Nimewahi kuitwa na mfuga kuku ambaye tovuti yake ilikuwa inatangaza kamari kwa lugha asiyoijua. Hakuna aliyemchukia. Mlango ulikuwa wazi miaka miwili, wakaingia.

Muda basi. Kuondoa nyanya zilizooza kutakula Jumapili moja nzima, sikudanganyi. Baada ya hapo ni nusu saa, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kabla hujafungua duka. Chukua simu ya mtu mwingine, maana yako imehifadhi kurasa za zamani na itakuonyesha mambo ya juzi. Ingia kama mgeni. Piga ile namba uone inaita wapi. Soma bei, tazama saa, ongeza picha tatu, na jibu moja kutoka WhatsApp kama lipo. Kama halipo, funga simu ukashone.

Na yule mteja wa Bungoma mpigie leo. Mwambie mpo.

*

Ndugu mwandishi,

Nauza vipuri vya pikipiki hapa Arua, na wateja wangu wengine wanatoka Kongo na Sudan Kusini. Nina WhatsApp, inanitosha. Zamani nilikuwa na ukurasa wa Facebook, watu wengi walinifuata. Mwanangu anasema nifanye tovuti. Mimi nasema hiyo ni kazi juu ya kazi. Tuamue.

Muuza vipuri, Arua

*

Mzee wangu, umelitaja jibu mwenyewe uliposema "zamani". Facebook ilifungwa hapa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na miaka ikapita haijafunguliwa. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku ili tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Watu uliowakusanya kwa jasho lako hukuhama nao. Ukurasa ule ulikuwa kibanda kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Lakini nawe una haki, kwa sababu tovuti anayoifikiria mwanao huenda ni ile yenye kurasa kumi. Hiyo mkataze. Mwambie akufanyie ukurasa mmoja tu, usiokuwa na bei hata moja. Jina la duka. Liko Arua, barabara gani, jirani na kitu gani kinachoonekana. Vipuri vya pikipiki zipi, Bajaj Boxer na TVS na nyinginezo unazouza. Picha ya mlango wa duka mchana, ili mtu wa kutoka Ariwara, kule Kongo, autambue akifika. Na kitufe cha WhatsApp: ni kiungo cha wa.me kikifuatiwa na namba yako kuanzia 256, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mtu akibonyeza, anaangukia kwenye mazungumzo na wewe moja kwa moja, namba yako hana haja ya kuiandika popote.

Bei ziache WhatsApp, huko unazijibu kila siku. Ukurasa kama huo ukiuangalia mara mbili kwa mwaka umeutendea haki. Mwanao akimaliza, mwambie akuandikie kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza chini, halafu auongezee Kifaransa cha wateja wa Kongo, sentensi tano tu.

*

Habari dada. Nimeambiwa nikibadilisha tarehe za makala zangu kuwa za leo, Google itanipandisha juu bila kuandika chochote. Ni kweli?

Mwenye saluni, Ntinda

*

Hapana. Google wenyewe wamewaambia wenye tovuti wasibadilishe tarehe kama hakuna cha maana kilichobadilika ndani. Lakini linaloniumiza zaidi ni dada atakayesoma "leo", akavuka Kampala kwa boda boda kwa ajili ya bei ya kusuka ya mwaka juzi. Tarehe ukiigusa, na bei uwe umeigusa.

*

Dada, tunakusalimu kutoka Kasese. Sisi ni kikundi cha wakulima, tunauza kahawa ya arabika ya miteremko ya Rwenzori, tunaikaanga na kuifunga wenyewe. Tungependa sana kuihuisha tovuti yetu, ila kijana aliyeitengeneza ndiye mwenye neno la siri, na simu yake haipatikani tangu mwaka jana. Bei zilizoko pale ni za zamani na namba ya simu ni ya mwenyekiti aliyestaafu. Tufanyeje?

Katibu wa kikundi, Kasese

*

Katibu, poleni. Barua kama yako napokea karibu kila mwezi, na hasira yangu huwa ileile, kwa sababu kikundi kimelipa halafu kimekabidhiwa nyumba bila ufunguo.

Anzeni na jina la tovuti, lile linaloishia na .ug au .co.ug, maana ndilo mali yenyewe. Mtandaoni kuna huduma ya wazi ya kutafutia jina lolote, inaonyesha limesajiliwa kupitia kampuni gani, muda wake unaisha lini, na mara nyingine jina la mwenyewe. Mkikuta ni jina la kikundi, kazi ni nyepesi: iandikieni kampuni iliyolisajili barua yenye muhuri, cheti cha usajili wa kikundi na risiti mliyolipia, muombe mpewe njia ya kuingia. Mkikuta ni jina la kijana, mtafuteni kupitia ndugu zake kabla ya kutafuta wakili. Wengi wao hawana ubaya, wamebadilisha namba tu. Mkikuta muda unaisha karibuni, ulizeni kama kampuni itapokea malipo yenu, wengi hupokea kutoka kwa yeyote, na mlipie kabla jina halijachukuliwa na mtu wa mbali atakayetaka kuwauzia.

Ikishindikana kabisa, sajilini jina jipya, safari hii kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi, si ya mtu. Maneno na picha za zamani msizililie. Kuna maktaba ya mtandao iitwayo Internet Archive, ambayo tangu 2001 inamruhusu mtu yeyote kutazama nakala za kurasa za zamani bure. Ingizeni anwani ya tovuti yenu pale kwenye Wayback Machine, na kama iliwahi kunakiliwa mtaikuta kama ilivyokuwa, mnakili maelezo ya mashamba yenu yote.

Wakati huohuo ile namba ya mwenyekiti mstaafu msiiache inaita nyumbani kwake. Muombeni aelekeze simu zake kwenye namba ya kikundi, simu yoyote inafanya hivyo. Tena mumuulize ni wangapi wameshapiga kutafuta kahawa. Waandikeni majina kwenye daftari, muwapigie mmoja mmoja.

Neno la siri jipya mkilipata, liandikwe kwenye karatasi mbili: moja kwa mweka hazina, moja ndani ya sanduku la kikundi pamoja na kitabu cha benki.